Njia ya Burungu Niliyoikata Katikati

Kila Jumapili mimi njo nilikuwa mdomo wa Pasta. Yeye alitoka Masisi, huko juu kwenye viazi na maziwa, na Kinyanga chake, lugha yetu ya huku, kilikuwa cha kuomba maji na kuuliza njia tu. Alihubiri kwa Kiswahili, nami nilisimama kando yake nikiwageuzia wazee wetu wa msituni, ambao Kiswahili chao ni cha soko: chumvi, sabuni, karibu, hapana. Mama yangu ni wa Masisi, baba yangu ni wa huku Walikale, kwa hiyo lugha zote mbili nilinyonya pamoja. Shule niliishia darasa la pili la sekondari. Lakini mdomo, huo sikuishia popote.

Nilikuwa na sifa moja iliyojulikana hadi ng'ambo ya mto: nilimaliza maneno ya Pasta kabla yake. Akisema, "Na Bwana akamwangalia yule mjane," mimi nimeshamfikisha mjane kwenye sadaka, nimeshampongeza, nimeshamrudisha nyumbani. Watu walicheka kwa furaha. Mama mmoja wa benchi la mbele alizoea kusema kwa sauti, "Pasta, pumzika, dada ameshatuambia." Na Pasta, ambaye ni mtu wa upole, aliwahi kunishika bega tukitoka nje.

"Dada," akasema, "siku moja utafika mbinguni mbele yangu. Ukifika, nichungulie kama iko fasi."

Nami nilicheka, nikaona ni sifa. Nilikuwa na ndoto ya kusema kwenye redio. Nilipotwanga mpunga nilisema habari za dunia peke yangu, na hali ya hewa, na salamu kwa wasikilizaji wote wa Sake na vitongoji vyake. Hata nikiomba, niliomba hivyo hivyo, maneno yakimwagika kama maharagwe kutoka kwenye gunia lililotoboka, halafu amina, halafu nimeshasimama. Haikunijia kamwe kwamba huko ninakopeleka maneno kuna Mtu anayeweza kuwa na la kusema.

Sasa, kwetu kuna desturi moja ambayo ni lazima niieleze. Mtu akitoka mbali na amebeba neno, neno lile haliulizwi. Anapewa maji, anapewa kigoda, na chakula kikiwapo anapewa chakula. Kisha anasema njia yake. Anaanzia pale alipokabidhiwa neno: ilikuwa siku gani, alilala kwa nani, mvua ilimkuta wapi, mto ulikuwa umejaa kiasi gani. Mwenyeji anaitika "eee" kwa kila hatua. Neno lenyewe linafika mwisho kabisa, limetembea kwa miguu kama mtu aliyelibeba. Mimi niliona desturi hii ni ya watu wasio na telefone. Shangazi yangu nilipomwuliza faida yake, alisema neno likiwahi kufika kuliko moyo, linakuta nyumba haina mtu. Nikamwambia ni maneno mazuri, nitayasema siku moja redioni. Nilishayasahau kabla ya jioni.

Jirani yetu alikuwa mama mjane anayekamua mawese. Mume wake alikuwa mwindaji, na alifia msituni katika siku ya mvua kubwa, mti ukamwangukia. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Huyo mtoto, miaka minne kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, aligombana na mama yake juu ya mbwa. Mama alitaka awachukue mbwa wa baba yake, awinde. Kijana alitaka kupanda huko Masisi kutafuta maisha. Maneno yakapanda, na kijana akatupa lile ambalo kijiji chote kililisikia: "Wewe njo ulimtuma Baba msituni siku ile. Wewe njo ulimwua." Kisha akaingia ndani, akachukua kengele ya mbwa ya baba yake, akaondoka nayo.

Mbwa wetu wa kuwinda hawabweki. Kwa sababu hiyo wanavalishwa kengele ya mti shingoni, ili mwindaji ajue mbwa yuko wapi ndani ya vichaka. Kengele ile ilikuwa kitu cha mwisho cha mume wake kilichobaki katika nyumba.

Tangu siku hiyo hakuna aliyesikia habari za kijana. Rezo, yaani mtandao wa telefone, haifiki kwetu, na barabara ya kupanda Masisi ilikuwa leo wazi, kesho imefungwa, kesho kutwa hujui. Mama yule hakulirudia lile neno hata mara moja, wala hakulia mbele ya watu. Ila kila mgeni alipoingia kijijini, hata awe mwuza sindano, utamwona mama anasuuza kikombe. Alikuwa anajiandaa kumpa maji mtu atakayeleta habari za mtoto wake. Sote tulijua, na sote tulijifanya hatujui.

Siku ya Jumamosi moja, jua likiwa utosini, akafika mchuruzi, mfanyabiashara wa kuzunguka. Alikuwa Mkatoliki wa upande wa Butembo, mnene, mcheshi, rozari shingoni, na pikipiki yake alikuwa ameiacha mtoni kwa sababu daraja lilikuwa limeoza. Siku zote alituletea chumvi, sabuni na betri, akanunua mawese. Safari hii hakufungua mzigo. Aliuliza nyumba ya mama mjane, na alipoonyeshwa, akauliza nani anaweza kumgeuzia maneno. Vidole kumi vikanionyesha mimi.

Kikombe kilikuwa tayari kimesuuzwa. Mama aliweka kigoda, akaweka maji, akawasha moto mkubwa jikoni na kutia ndizi za kuponda, tunazoziita lituma. Kisha akaketi kwenye mkeka, mikono magotini, uso umetulia kama maji ya mtungi. Alikuwa amengoja miaka minne na bado hakuuliza.

Mchuruzi alijua desturi yetu. Alianzia mwanzo.

"Mi nilikuwa Burungu, huko juu kwa Masisi," akasema, "kutafuta maharagi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, barabara yote matope. Nikaenda kwa bafugaji bamoja, bantu ya ngombe. Kwa nyumba yao njo nilikuta kijana wa huyu mama."

Niligeuza. Mama akaitika, "Eee."

"Alikuwa amelala. Blanketi mupaka hapa." Akajionyesha kidevuni. "Mwezi muzima hakusimama. Homa ilimukula mupaka akabakia macho tu."

Niligeuza. Mama akaitika, "Eee," lakini ndogo.

Mchuruzi akaingiza mkono katika mfuko wake, akatoa kengele ya mti, nyeusi kwa mafuta ya mikono ya watu, akaiweka chini mbele ya mama.

"Njo akanipatia hii kintu," akasema. "Akaniambia, peleka kwa mama yangu."

Hapo akanyamaza, akanyanyua kikombe.

Alinyamaza kunywa maji. Kunywa maji tu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona blanketi, nimeshaona macho peke yake, na sasa naona kengele ya marehemu baba imerudi bila mtoto. Kwetu vitu vya mtu vikirudi peke yake, maana yake inajulikana. Machozi yalikuwa yameshanishuka. Nilimpenda mama yule, na nilitaka habari imfikie kwa maneno laini kuliko yale ambayo mchuruzi angeyatafuta. Kwa hiyo nilipiga magoti, nikamshika mikono, nikasema kwa Kinyanga changu kizuri cha kanisani: "Mama, jipe nguvu. Mtoto wako amepumzika. Ameshafika kwa Baba, na kule hakuna homa tena."

Mchuruzi alikuwa bado anameza.

Mama hakupiga kelele. Aliitoa mikono yake katika mikono yangu, polepole, akalala kifudifudi kwenye mkeka. Kelele zilitoka kwa wanawake waliokuwa ukutani wakisikiliza. Zikaenda nyumba kwa nyumba. Baada ya muda mfupi ua ulijaa watu, wengine wanajitupa chini, wengine wanaita jina la kijana. Mdogo wa marehemu, yaani baba mdogo wa kijana, akaja na mtungi wa maji, akaenda jikoni akazima moto, kwa sababu nyumba iliyofiwa haipiki. Mvuke ukapanda hadi kwenye majani ya paa.

Mchuruzi alikuwa ameketi katikati ya haya yote na kikombe mkononi. Akainama sikioni mwangu.

"Dada, bantu ya huku banapenda huyu kijana sana. Banalia juu ya homa tu?"

Nilikuwa nalia tu.

"Na moto, mbona banazima? Lituma iko bado."

"Papa, njo desturi," nikasema. "Fasi muntu amekufa, moto inazimwa."

"Pole. Nani amekufa?"

Nilimwangalia. Naye akaniangalia.

"Dada," akasema taratibu, "mi nilisema alikufa?"

"Ulisema blanketi."

"Blanketi mi najifunika kila siku."

Nilisimama. Nilipaza sauti kwamba anaishi, mtoto anaishi, nimekosea, hajafa. Mayowe yakakatika vipande vipande, mmoja mmoja, kama mvua inapoisha juu ya bati. Mwishowe kila mtu alikuwa ananiangalia. Ila mama hakuinua kichwa.

"Mama," nikasema, "anaishi."

"Niache," akasema akiwa bado amelala chini. "Asubuhi nilikuwa na mtoto. Jua lilipofika katikati umeniulia. Sasa umenifufulia. Vyote viwili vimetoka katika mdomo mmoja. Nichukue kipi?"

Nilikuwa na maneno mengi, na hapo niliona kwamba hata moja halikuwa na thamani. Mchuruzi akaanza kuapa kwa Mama Maria na watakatifu kadhaa, lakini kiapo chake nacho kilihitaji mtu wa kukigeuza, na mtu huyo alikuwa mimi.

Kisha wakaja wanaume na maneno yao. Baba mdogo akasema mtu aliyeliliwa akiwa hai hawezi kuingia tena kwa mlango wa mbele, ni lazima atafutwe jogoo, kilio kirudishwe msituni kilikotoka. Pasta, aliyekuwa amefika akikimbia na kiatu kimoja, akasema hapana, tuombe. Baba mdogo akasema kuomba ni sawa, lakini jogoo naye ana kazi yake. Wakaendelea hivyo, kila mmoja juu ya kichwa cha mwenzake.

Mama akaketi. Kitambaa kilikuwa kimemtoka kichwani, na vumbi la mkeka lilikuwa shavuni. Alisema bila kupandisha sauti.

"Nyinyi mnazika na kufufua, na mimi sijasikia bado njia ya mgeni. Akae. Aanze tena Burungu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mtoto wangu, usinipe neno ambalo yeye hajakupa. Akinyamaza, nawe nyamaza."

Nilimwambia Pasta kwa Kiswahili kwamba siwezi, atafutwe mwingine. Pasta akaketi chini karibu yangu, mguu wake mtupu kwenye udongo, akasema, "Mwingine hakuna. Kaa tu."

Mchuruzi akaanza tena. Burungu, maharagwe, mvua ya siku tatu.

Nataka kusema jinsi ilivyokuwa, ila sijui kama nitaweza. Niliangalia mdomo wake mpaka ufunge. Ukishafunga nilingoja tena kidogo, nione kama umefunga kweli ao unapumua tu. Ndani ya kule kungoja kulikuwa na nafasi ambayo mimi, kwa miaka yangu yote ya kusema, sikuwahi kuingia. Nilisikia mawese yakidondoka kutoka kwenye kikamulio. Nilisikia pumzi ya mchuruzi ikipita puani kabla ya neno gumu, hata nikajua kwamba linakuja gumu, bila kujua ni lipi. Nilimsikia mama akiitika, na kila "eee" yake ilikuwa tofauti na ile ya kwanza, moja ya woga, moja ya kumsukuma mtu aendelee, moja ya kumshika mtu asianguke. Nilikuwa nimeishi karibu naye tangu utoto na sikujua kwamba yule mama anaweza kusema mambo mengi hivyo kwa silabi moja.

Tulifika kwenye blanketi. Safari hii mama aliuliza.

"Blanketi ya rangi gani?"

Niligeuza. Mchuruzi akafikiri. "Buluu. Na imetoboka upande ya miguu."

"Nani alikuwa anaifua?"

"Koko mumoja wa ile nyumba, mama muzee sana. Mama ya bafugaji."

Watu walisogea. Kwetu huku kuna mambo mengi yanayosemwa juu ya wafugaji wa huko juu, na mengi si mazuri, na mengi nilishayasema mimi mwenyewe. Mama aliuliza huyo koko alizungumza lugha gani na mtoto wake.

"Hapana lugha," mchuruzi akajibu. "Koko anajua Kinyarwanda tu. Kijana aliniambia mwenyewe. Wakati homa ilipanda sana, alikuwa nasema Kinyanga tu. Anasema njia yake yote, kutoka huku mupaka kule, mito yote, usiku na mchana. Koko anakaa pembeni na maziwa. Haisikii hata neno moja. Lakini kila kijana akinyamaza, yeye anaitika: eee."

Ndipo aliponyamaza. Nami nilinyamaza pamoja naye, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa hivyo.

Kisha niligeuza. Neno kwa neno, sikuongeza hata pambo. Nilipofika kwenye ile "eee" ya koko, mama yule akaitika naye, "eee," na kwa muda nilihisi wako wawili, mmoja Burungu kwenye nyasi na baridi, mmoja huku kwenye mawese na joto, wameketi kila mmoja upande wake wa kitanda kimoja.

Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wa Mungu Jumapili ngapi na lugha mbili zilizokamilika, na hakuna nililokuwa nimesikia. Na huko juu kulikuwa na mama mzee asiyejua hata neno moja la mgonjwa wake, naye alimsikiliza hadi akamrudisha katika uzima. Nikawaza juu ya maombi yangu, yale maharagwe ya gunia bovu. Mungu anajua mwisho wa kila sentensi yangu kabla sijaifungua. Bado ananiacha niimalize. Hajawahi hata siku moja kunikata. Na mimi, nisiyejua mwisho wa kitu chochote, nilikuwa simwachi mtu anywe maji.

Siku zote nilikuwa nikifikiri utukufu wa Mungu uko katika sauti, katika radi, katika kwaya ikifungua vinywa pamoja. Pale chini, karibu na mguu mtupu wa Pasta, nilimwogopa Mungu kwa namna mpya, woga mzuri, kama mtu aliyeingia chumba akidhani kiko wazi, kumbe kuna Mwenyewe ameketi humo tangu zamani, amenyamaza, anamsikiliza.

Mchuruzi aliendelea. Homa ilishuka wakati yeye bado yuko Burungu akitafuta maharagwe. Kijana akasimama, akatembea hadi mlangoni, siku nyingine hadi kwa ng'ombe. Siku mchuruzi alipokuwa anaondoka, kijana alimsindikiza hadi barabara ya Sake.

Mama alimzuia kwa mkono. "Hapo kengele ulipewa. Aliishika namna gani?"

"Alikuwa nayo kwa mufuko. Akaitoa, akakata nyasi pale pale pembeni ya barabara, akaingiza ndani na kufunga na kamba. Nikamuuliza, unafanya nini? Akasema: isiseme kwa njia, iseme kwa mama."

Sikuelewa nilichokuwa nageuza. Lakini nilipomaliza, niliwaona wazee wawindaji wakiinuka mmoja baada ya mwingine.

Mwindaji akitoka nyumbani, huziba kengele ya mbwa kwa majani na kuifunga, ili isilie njiani ikafukuza wanyama. Huifungua pale tu mbwa anapoachiliwa. Ni mtu anayetarajia kuwinda tena, mtu anayeishi, anayefunga kengele hivyo. Kengele ya mfu huachwa wazi, nayo huja nyumbani ikilia, ili hata wale walio shambani wajue. Na hii ilikuwa imewekwa chini mbele yetu sote, juu ya udongo mgumu, bila kutoa sauti yoyote. Nilikuwa karibu nayo kuliko mtu mwingine. Sikujiuliza kwa nini iko kimya.

Mama aliichukua. Aligusa fundo la kamba kwa kidole gumba, akalizungusha, akalitambua. Hilo fundo mume wake njo alimfundisha mtoto. Akaingiza vidole ndani, akavuta nyasi. Zilikuwa nyembamba, za malisho, hazioti msituni kwetu. Zilikuwa zimenyauka, lakini katikati bado kulikuwa na ukijani kidogo. Akazinusa kwa muda mrefu, macho yamefungwa.

"Anaishi," akasema. Alimwambia nani, sijui. Safari hii mimi sikuwa nimemwambia lolote.

Hapo njo lile neno lenyewe likafika, limechoka na njia kama sisi wote. Mchuruzi alilisema akiwa ameinamisha kichwa, kwa kuwa alijua halikuwa lake.

"Kijana anasema hivi: Mama, lile neno nilikuambia siku ya kuondoka, linanirudia kila siku. Siwezi kulifuta nikiwa mbali. Kama unapokea kengele, mi nitakuya nilisemee mbele yako. Kama unairudisha, nitajua, na sitakusumbua tena."

Niligeuza. Kisha tulingoja. Jua lilihama kutoka kwenye mkeka hadi kwenye ukuta. Baba mdogo alifungua mdomo, Pasta akamgusa mkono, akaufunga. Zamani ningeshamjibia. Ningeshasema ndiyo, mama anakusamehe, njoo, Mungu ni mwema, na ningeongeza salamu za kijiji kizima. Yote yalikuwa kwenye ulimi wangu, matamu. Nikayaacha hapo.

Mama akasema, "Mwambie kengele imebaki. Lile neno alilete kwa kinywa chake."

Niligeuza hayo na sikuweka kitu juu yake.

"Njo yote?" mchuruzi akauliza.

"Njo yote, Papa."

"Ah. Dada, leo umekuwa mufupi." Kisha akageuka kuelekea jikoni, kwa aibu kidogo. "Muniulizie sasa kama naweza kupata ile lituma."

Jumapili zilizofuata niliendelea kusimama kando ya Pasta. Mara ya kwanza alimaliza sentensi yake, mimi nikangoja, naye akaniangalia kwa wasiwasi akidhani ninaumwa. Mama wa benchi la mbele alisema, "Redio imekwisha betri." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nikisikia mahubiri kwa mara ya kwanza. Pasta wetu, kumbe, anahubiri vizuri. Mwisho wa maneno yake mara nyingi si ule niliokuwa nikiwapa watu.

Kijana alifika baada ya mavuno ya mpunga, na mchuruzi mbele yake. Walipita Sake, Kingi na Masisi, halafu wakateremka siku mbili kwa miguu. Alikuwa mrefu kuliko tulivyomkumbuka, na mwembamba. Baba mdogo alimpitisha nyuma ya nyumba kwa upande wa jikoni, na jogoo wake chini ya kwapa. Pasta aliomba akiwa mlango wa mbele. Hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Mama alikuwa ameketi ndani. Alimpa mtoto wake maji, akamwonyesha kigoda, na hakuuliza.

Akasema njia yake. Mito, mvua, vilima, nyumba alizolala. Sote tulikuwa pale, tumejipanga ukutani. Alipofika mwisho wa njia, akafika kwenye lile neno. Alianza, akakwama. Akaanza tena, akakwama pale pale. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, haikukipata. Nilitaka kusimama nimsaidie, nimwambie inatosha, tumeelewa, mama yako ameshakusamehe tangu siku ya nyasi. Niliona mdomo wa shangazi yangu nao unataka hivyo, na wa Pasta. Mama peke yake hakumwokoa. Alimwangalia mtoto wake na kungoja, kama mtu anayemngoja mtoto mdogo avuke gogo mtoni kwa miguu yake mwenyewe.

Na akavuka. Alilirudia lile neno lote kama lilivyokuwa, jina la baba yake ndani yake, halafu akasema ni uongo, na kwamba aliujua uongo wake hata siku ile alipousema. Alisema kwa Kinyanga. Safari hii hapakuwa na lugha mbili, hakuna aliyenihitaji. Nilikaa tu na kusikia, pamoja na wote.

Mama akasogea upande mmoja wa mkeka, akaacha nafasi ya mtu.

"Nimesikia," akasema.